Gharama ya Falsafa Hailipwi na Mwanafalsafa Peke Yake

Walimu wa falsafa tuna jibu tulilolizoea kila kijana anapotuuliza somo hili litamfikisha wapi. Tunamwambia litamnoa akili. Litamfundisha kupima hoja, kuandika kwa mpangilio na kutodanganyika upesi, na kwa hiyo atafaa kuwa wakili, mwanahabari, mtumishi wa umma, hata mfanyabiashara. Jibu hili si la uongo. Lakini kila ninapolitoa najihisi nimemficha mtu jambo, kama muuza upanga anayesifu uzuri wa mpini na kunyamaza kuhusu makali.

Kijana anapouliza atapata nini, anauliza pia, bila kutamka, atatoa nini. Na nyuma ya swali hilo liko jingine ambalo hata sisi walimu hulikwepa: walio karibu naye watatoa nini?

Mtu aliyeizungumzia gharama ya falsafa bila kificho alikuwa mpinzani wake. Katika mazungumzo ya Gorgias, Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anampa nafasi Callicles, kijana mwenye hamu ya siasa, amwambie Socrates, mwalimu wake Plato, usoni kwamba falsafa ni kitu kizuri mtu akiigusa kidogo ujanani, ila anayekawia ndani yake huharibikiwa. Hatazijua sheria za mji wake, wala lugha ya biashara, wala tamaa za watu. Atamaliza umri wake pembeni akinong'onezana na vijana watatu wanne. Siku akiburutwa mahakamani na mshitaki asiye na maana yoyote atasimama amepigwa na bumbuazi, kinywa wazi, na mshitaki akitaka afe, atakufa.

Plato aliyaandika maneno hayo akijua yalivyokwisha. Mwaka 399 KK Socrates alishitakiwa kwa kuwapotosha vijana na kutoiheshimu miungu ya mji, akahukumiwa, akanywa sumu akiwa na umri wa miaka 70. Mwanafunzi anayempenda mwalimu wake angeweza kuyafuta maneno ya Callicles, au kuyalegeza. Plato aliyaacha na ukali wake wote. Heshima yangu kubwa kwake inaanzia hapo.

Gharama ya kwanza, ya fedha, inajulikana na sitaikawiza. Cleanthes, Mgiriki aliyekuja kuiongoza shule ya falsafa ya Wastoa, alikuwa akiteka maji usiku kumwagilia bustani za watu ili mchana apate kusoma. Kant, mwanafalsafa Mjerumani, alifundisha miaka 15, kutoka 1755 hadi 1770, bila mshahara wa chuo, akiishi kwa ada za wanafunzi waliojitokeza kumsikiliza. Alipopata uprofesa alikuwa anakaribia miaka 46. Spinoza, mwanafalsafa wa Uholanzi, alisaga lenzi. Leo anayefuata shahada ya uzamivu huitoa miaka yake bora, na mara nyingi humaliza akakuta nafasi chache na wenye sifa wengi, akaingia kwenye mikataba ya muda mfupi wakati wenzake wa shule wamekwisha kujenga. Ni adha ya kweli, na asimdharau anayeitaja mtu asiyewahi kuipitia. Lakini wanamuziki nao huipitia, na washairi, na wanasayansi wa nyanja zisizo na soko. Falsafa ina gharama nyingine, na hiyo ni yake mahususi.

Plato anaieleza kwa mfano ambao sijui kwa nini haukupata umaarufu wa ule mwingine wake, wa wafungwa wa pangoni wanaodhani vivuli ndio ukweli. Ni katika kitabu cha saba cha Jamhuri. Mtoto amelelewa katika nyumba ya kitajiri, kati ya ndugu wengi na watu wengi wanaomsifu. Anapokua anagundua kwamba wanaomlea si wazazi wake. Kabla ya kugundua aliwaheshimu na kuwasikiliza, na waliomsifu aliwapuuza. Sasa heshima kwa walezi imelegea, na wazazi halisi bado hajawapata. Katika nafasi hiyo tupu, anasema Plato, ni rahisi mno kuwafuata wenye kusifu.

Walezi katika mfano huo ni imani tulizokuzwa nazo: lipi la haki, lipi jema, nani aheshimiwe na kwa nini. Mtu akiulizwa maana ya haki hujibu alichofundishwa; hoja ikimwangusha mara moja, mbili, mara nyingi, hufika mahali akaona kwamba jema halina wema wowote kuliko baya. Hajapata kitu cha kuweka pale palipoachwa wazi. Kwa sababu hiyo Plato alitaka vijana wasipewe mapema zana za mabishano, kwani wakishaonja hufanya kama watoto wa mbwa: humvuta na kumrarua kila aliye karibu.

Nilikuwa mmoja wao. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mjomba wangu alifiwa na mwanawe wa pekee. Tulikaa naye siku ile, watu wakija na kuondoka, na yeye akawa anawajibu kwa sentensi moja: "Kila jambo lina sababu yake." Mimi nilikuwa nimetoka kusoma Aristotle na aina zake nne za visababishi. Nikamwambia, "Mjomba, sababu kwa maana gani? Kwa maana ya chanzo, au kwa maana ya kusudi? Chanzo tunakijua, ni ugonjwa. Na kama ni kusudi, ni la nani?"

Niliuliza kwa sauti ya upole. Nilidhani nauliza vizuri. Mjomba alinitazama, akainuka, akatoka nje. Mama hakunisemesha kwa siku mbili.

Simsimulii mtu kisa hiki ili nijiadhibu. Nakisimulia kwa kuwa kinaonyesha gharama ilikoangukia. Swali lilikuwa halali. Neno "sababu" kweli linabeba maana hizo mbili, na watu wengi hupita kutoka moja hadi nyingine bila kujua wamevuka. Faida ya kuliona hilo niliichukua mimi. Aliyelipa ni mjomba, na hakuwa ameombwa.

Tazama tena siku ya mwisho ya Socrates, kama inavyosimuliwa katika Phaedo, mazungumzo mengine ya Plato. Marafiki wanapoingia gerezani wanamkuta mkewe, Xanthippe, ameketi kando yake na mtoto mdogo. Anapowaona analia na kusema kwamba hii ndiyo mara ya mwisho rafiki zako watakapozungumza nawe, nawe nao. Socrates anamtazama rafiki yake Crito na kusema mtu ampeleke nyumbani. Anaondolewa akilia na kujipigapiga. Kisha mazungumzo yanaanza, marefu na mazuri ajabu, juu ya roho na kifo. Jioni familia inaletwa tena kwa muda mfupi, halafu inaondoka. Vizazi vimemcheka Xanthippe kama mke mkorofi. Mimi husikia katika kilio chake mtu aliyejua hasa nini kinapotea siku ile: alilia kwa ajili ya mazungumzo. Na katika utetezi wake mahakamani Socrates alikuwa amekiri mwenyewe kwamba aliacha mambo ya nyumba yake miaka mingi, na kwamba ana wana watatu, mmoja anayebalehe na wawili bado wadogo. Hatuna kitabu kilichoandikwa kutoka upande wa watoto wale.

Wapo waliolipa kwa mwili wao wenyewe. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alikuwa mwalimu mwenye jina kuliko wote katika Nidhamiya, chuo kikubwa cha Baghdad, na katika maandishi ya maisha yake anasimulia mitikisiko miwili. Wa kwanza ulidumu karibu miezi miwili. Alianza kwa kutilia shaka hisi: jicho linaiona nyota ndogo kama dinari, na hesabu inathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Kama akili inaikosoa hisi, je, hakuna jambo juu ya akili litakaloikosoa akili nayo? Hakuona hoja ya kumtoa humo, maana hoja hujengwa kwa akili ile ile iliyotiliwa shaka. Anasema alitolewa na nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Mtikisiko wa pili ulikuja mwaka 1095. Aliona kwamba anafundisha kwa kutafuta sifa, akawa kwa karibu miezi sita anataka kuacha na hawezi. Kisha ulimi ukafungwa. Alisimama mbele ya wanafunzi asiweze kutamka neno, akashindwa kumeza chakula, waganga wakakata tamaa. Akaacha cheo, akatoka Baghdad. Huyu alikuwa mkosoaji mkali wa wanafalsafa, lakini gharama aliyoilipa ni ile ile yao.

Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, naye alivunjika afya kabla ya kutimiza miaka 20 kwa kusoma na kuwaza kupita kiasi, na mwaka 1734 akaandika barua ndefu kwa daktari akieleza hali yake. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa cha 1739 anakiri kwamba maswali yake yamemtia katika giza nene, na kwamba hoja haimtoi. Kinachomtoa ni kula chakula cha jioni, kucheza mchezo wa dadu na kucheka na rafiki. Nawashauri wanafunzi wangu waisome sehemu hiyo kabla ya nyingine yoyote. Hume hakuona aibu kusema kwamba mwanafalsafa anahitaji watu wanaokula naye bila kumuuliza amefikia wapi.

Adhabu nyingine hutolewa na jamii kwa makusudi. Mwaka 1656, Spinoza akiwa na miaka 23, jumuiya yake ya Kiyahudi huko Amsterdam ilimtenga: asizungumze naye mtu, asikae naye chini ya paa moja, asimkaribie kwa dhiraa nne, asisome alichokiandika. Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Kiislamu wa Andalusia, alikuwa mzee alipofukuzwa mwaka 1195 na vitabu vyake kuchomwa. Siwezi kulitaja hili kwa haraka bila kuikazia macho ile dhiraa nne. Mtu hupimiwa umbali wa upweke wake kwa mkono, na ndugu zake wanapewa kipimo hicho wakitunze.

Sasa kuhusu kinachopatikana. Nianze na furaha, kwa sababu watu wanaoitetea falsafa huwa wakali mno wakasahau kwamba inapendeza. Nakumbuka asubuhi niliyoielewa hoja ya Hume kuhusu kesho. Jua limechomoza kila siku, kwa hiyo kesho litachomoza. Hume anauliza: ni kitu gani kinachokuvusha kutoka "limechomoza" hadi "litachomoza"? Ukisema mambo yajayo hufanana na yaliyopita, anauliza umejuaje. Ukijibu kwamba mpaka leo yamefanana, umelitumia lile lile lililotakiwa kuthibitishwa. Nilikuwa nimeisoma mara tatu bila kuona kitu. Mara ya nne niliiona sakafu niliyoikanyaga maisha yangu yote, nikaona haijashikiliwa na chochote nilichoweza kukitaja, na bado naikanyaga. Sikuogopa. Nilicheka peke yangu chumbani. Sijui raha nyingine inayofanana na kuona kwamba jambo la kawaida kabisa halikuwa la kawaida hata siku moja.

Ipo pia faida ya kuweza kusema "sijui" bila kujisikia umepungukiwa. Ni ndogo kwa maneno, lakini anayefanya kazi na watu anaijua thamani yake. Mtu aliyezoea kuona hoja zake bora zikianguka hupoteza, polepole, ule uhitaji wa kushinda. Anaanza kusikiliza kwa sababu anataka kusikia. Sisemi falsafa humfikisha kila mtu huko. Nimeketi kwenye vikao vya idara vya kutosha. Nasema ndiko inakoelekea kwa yule anayeifuata hadi mbali. Wengi wanaoichukia wamekutana na walioishia njiani, pale kwenye hatua ya watoto wa mbwa, waliokwisha kulipa gharama yote ya kupoteza walezi na hawakuendelea na safari ya kuwatafuta wazazi.

Na upo uhuru. Mwaka 1673 Spinoza aliitwa chuo cha Heidelberg, Ujerumani, akashike kiti cha uprofesa, akiahidiwa uhuru wa kufalsafa mradi asiivuruge dini iliyowekwa. Alikataa kwa adabu, akisema hajui uhuru huo ungewekewa mipaka gani. Alikuwa na chumba cha kupanga, mashine ya kusagia lenzi na rafiki wachache. Alifariki miaka minne baadaye akiwa na miaka 44, na kitabu chake kikuu, Maadili, kilichapishwa mwaka huo huo baada ya kifo chake. Mtu anayeweza kukataa bila uchungu kile ambacho wenzake wanakililia amepata kitu.

Lakini hapa ndipo ninapopata taabu. Julai 1776 mwandishi Mskoti, Boswell, alimtembelea Hume aliyekuwa akikaribia kufa. Alimkuta ametulia, hata mchangamfu. Akamuuliza kama wazo la kutokuwepo tena halimsumbui. Hume akajibu kwamba halimsumbui zaidi ya wazo kwamba kabla ya kuzaliwa hakuwepo. Boswell alitoka pale amefadhaika. Utulivu wa Hume ulikuwa wa kweli, na haukumfikia aliyeketi naye chumba kimoja. Kilichomfikia Boswell ni shaka tupu. Nikiiangalia historia hii yote naona mwelekeo unaoniumiza: gharama huvuka kutoka kwa mtu hadi kwa mwingine kwa urahisi, kama nilivyomvushia mjomba. Faida haivuki. Kila mtu huipata kwa kuipitia njia mwenyewe, au haipati.

Kama ndivyo ilivyo bila namna nyingine, basi anayeifuata falsafa anafanya biashara ambayo faida ni yake na hasara ni ya nyumba nzima, na sijui angejitetea vipi. Ila sina hakika kwamba ndivyo. Huenda tumelichukulia kuwa sharti la falsafa jambo ambalo ni mazoea tu ya namna tunavyoifanya: kuondoka, kujitenga, kurudi na swali kama mtu anayerudi na silaha.

Mkenya Henry Odera Oruka alilifikiria hili kwa njia nyingine. Alikwenda kwa wazee waliosifika kwa busara, wengi wao wasio na elimu ya darasani, akakaa nao na kuwauliza na kuwabishia. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1990 alitenganisha aina mbili za wenye hekima. Wapo wanaoijua vizuri hekima ya jamii yao na kuieleza kama walivyoipokea. Na wapo wanaoipima, wakakubali hapa na kukataa pale, na kutoa sababu. Hawa wa pili kwake ni wanafalsafa kamili. Wasomi wenzake walimpinga kwa hoja kadhaa, mojawapo ikiwa kwamba mhoji mwenyewe ndiye aliyezalisha falsafa ile kwa maswali yake. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini kinachonivuta kwa wazee wale ni mahali walipokuwa. Waliyapinga mambo ya watu wao huku watu wao wakiendelea kuja kwao kuamuliwa kesi na kushauriwa. Hakuna aliyewapimia dhiraa nne.

Nilimrudia mjomba baada ya miaka 12. Alikuwa amezeeka, anaumwa miguu, na akili yake ni nzima. Baada ya salamu na habari za nyumbani akaniuliza, "Lile swali lako, mwanangu, ulilipatia jibu?"

Nikamwambia sijalipata.

"Mimi nililikasirikia mwaka mzima," akasema. "Halafu nikawa nalibeba. Uliniuliza ni chanzo au ni kusudi. Nimegundua siku ile sikusema lolote kati ya hayo mawili. Sikuwa naeleza kitu. Nilikuwa natafuta neno la kushika nisianguke, kama mtu anavyoshika ukuta. Wewe ukaupima ukuta kama umenyooka."

Nimesoma vitabu vingi juu ya kazi ambazo maneno hufanya zaidi ya kueleza. Nimevifundisha. Hakuna hata kimoja kilichonifikia kama sentensi ile, na aliyeitoa alikuwa ameifanyia kazi miaka 12, peke yake, kwa swali ambalo nilimwachia na kuondoka.

"Sasa nikuulize na mimi," akaendelea. "Siku ile, ulikuwa unatafuta nini?"

Nilikawia kujibu. Nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka waliokaa pale waone najua kuuliza. Hakushangaa. Alisogeza kiti chake karibu na changu, akasema basi tulianze upya, tuanzie kwenye lile neno lenyewe, sababu, na safari hii nimwache yeye atangulie.